Chumvi ya Kutazamwa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Msidhani naogopa, limekodishwa. Mwaka ule bajeti ilipopwaya, serikali ililikodisha jina hilo kwa hoteli moja ya kitalii kwa miaka tisini na tisa, na tangu hapo raia akilitamka bila kibali anahesabika ametumia nembo ya watu. Wanafunzi wakiimba wimbo wa taifa, huguna pale jina linapoangukia. Wanaguna vizuri sana na wageni huwarekodi.

Mimi naitwa Lubango, Mwongozaji Wageni wa Daraja la Pili, Bonde la Nsagali. Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba naipenda serikali. Nalisema hili mapema ili yanayofuata yasije yakaeleweka vibaya.

Zamani nchi yetu ilikuwa na pamba, viwanda vya viatu, na kiwanda kimoja cha baiskeli kilichopiga honi saa mbili asubuhi. Vyote viliondolewa kwa sababu viliharibu picha. Mgeni hapandi ndege kwa saa kumi na mbili kuja kutazama kiwanda cha baiskeli, kwao vipo. Siku hizi tunauza kitu kimoja tu, nacho ni kutazamwa. Mabati yetu yaliezuliwa, tukaezekwa nyasi, na nyasi zenyewe zililetwa kwa meli kutoka ng'ambo kwa kuwa zetu hazikuwa na cheti. Zahanati ilipakwa tope ionekane ya kale. Bomba la maji lilifukiwa, ili akina mama wapate nafasi ya kuonekana wakibeba mitungi.

Haya yote yalikuwa maono ya Mheshimiwa Fulgensi Lukumbuja, Waziri wa Wageni na Mandhari. Namheshimu sana. Ana shahada tatu za heshima, zote alipewa na mahoteli.

"Utalii," alituambia katika hotuba yake ya mwaka, "umechangia asilimia mia moja na ishirini ya pato la taifa letu!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Fundi cherehani mmoja akasimama, akauliza hizo ishirini za juu zimetoka wapi.

"Ndugu mwananchi," Waziri akamjibu kwa upole wa kisomi, "hizo ni za wageni ambao hawajazaliwa bado."

Na fedha zenyewe, aliuliza tena yule fundi, maana watu wengine hawashibi majibu, ziko wapi? Waziri akamweleza kwamba mgeni hulipa hukohuko kwao, kwa ofisi ya hoteli iliyo hukohuko kwao, na fedha hubaki hukohuko ili zisipate taabu ya safari. Huku kwetu huja mgeni mwenyewe, mikono mitupu, apate kutembea kwa wepesi. Fundi akakaa. Wiki iliyofuata cherehani yake ilikutwa ni ya kisasa mno kwa mandhari, ikachukuliwa.

*

Sasa nije kwenye chumvi.

Bonde la Nsagali lina udongo wa chumvi. Tangu enzi na enzi akina mama wa hapa huukwangua udongo ule, huuchuja kwa maji katika chungu chenye matundu, kisha huyachemsha maji yake mpaka chumvi ibaki chini, nyeupe na ya moto. Kila mwanamke ana jiko lake bondeni, na jiko hurithiwa: bibi humwachia mama, mama humwachia binti. Hakuna mwanamume mwenye jiko. Chumvi yao ilikuwa ikienda mnadani kila Alhamisi, na nusu ya mkoa ilikula kwa mikono yao.

Wageni walilipenda bonde mno. Walipenda moshi, vyungu, na akina mama walivyoinama. Kwa hiyo Wizara ikatoa Waraka wa Mandhari Namba Nane, ambao niliusoma kwa sauti bondeni mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Waraka ulisema majiko yote sasa ni maonyesho, kila moja na namba yake. Akina mama waendelee kupika chumvi kila siku, asubuhi na alasiri. Ila ikifika saa kumi na moja jioni, chumvi yote iliyopatikana imwagwe tena kisimani, yanakotekwa maji ya kuchujia.

"Imwagwe?" aliuliza Nyamizi.

Nyamizi ndiye mwenye Jiko Namba Saba. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono iliyochubuliwa na chumvi mpaka kwenye viwiko, na akikutazama unajikuta unanyoosha shati.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama," nikasema. "Chumvi ikitoka bondeni, wageni wa kesho wataona nini?"

"Bonde hili halijawahi kuisha chumvi."

Nikamweleza kwamba mtaalamu wa Wizara amepiga hesabu, akakuta chumvi itakwisha baada ya miaka elfu nne, na serikali yetu si ya kungoja dakika za mwisho.

"Na sisi tutakula nini?"

Hilo nalo lilikuwa limefikiriwa. Kila mpika chumvi angepewa fulana yenye picha ya mpika chumvi.

Basi wakapika na kumwaga, wakapika na kumwaga, mwaka mzima. Mnada wa Alhamisi ukafa. Hotelini juu ya kilima, chumvi ya mezani ilitoka ng'ambo katika pakiti nyeupe zenye picha ya mlima wa barafu, kwa kuwa chumvi ya Nsagali ilikuwa kivutio, na kivutio hakiliwi. Nyanya nazo zilitoka ng'ambo. Mayai vilevile. Kitu pekee cha kienyeji katika hoteli ile kilikuwa watumishi, maana Waraka ulitaka mgeni ahudumiwe na wenyeji halisi. Kuanzia mpishi mkuu Bundala, ambaye ni mtoto wa dada yake Nyamizi, hadi mpanga vijiko, wote walikuwa watoto wa bonde. Wizara ilijivunia jambo hilo katika ripoti zake zote.

*

Jumatano moja Mkaguzi wa Mandhari alimsimamisha Nyamizi njiani saa kumi na moja na nusu, akamfungua fundo la kanga. Ndani alikuta chumvi, ngumi moja. Nyamizi alikuwa akimpelekea mjukuu wake aliyekuwa na siku ya tano anakula mlenda usio na ladha.

Kesi ilisikilizwa Ijumaa. Shitaka lilikuwa kuhujumu mandhari ya taifa kwa kiasi cha ngumi moja. Mimi niliitwa kama shahidi wa kwamba yeye ni Nyamizi, nikakiri kwamba ndiye. Mpaka leo nikikumbuka nilivyokiri kwa ufasaha, uso unaniwaka.

Hukumu ilikuwa kunyang'anywa jiko. Angelikabidhi Jumamosi ya wiki iliyofuata, mbele ya wageni, siku ya Sherehe ya Mgeni wa Milioni, na lingepewa Mpika Chumvi wa Taifa. Huyu alikuwa binti mmoja wa mjini, mpwa wa mtu fulani, aliyesomea upikaji chumvi miaka mitatu katika Chuo cha Maonyesho na kufaulu kwa daraja la juu sana katika kuinama.

Nyamizi aliulizwa kama ana la kusema.

"Jiko lile mama yangu alinizalia kando yake," akasema. "Mimi binti yangu nimemzalia palepale. Mkaguzi ananiambia naliibia. Naliibia nini? Mtu haibi kwake. Mnaweza kunitoa. Lakini mjue kwamba mmeninyang'anya, msije mkasema niliwapa."

Hakimu akaandika kwamba mshitakiwa ameshukuru.

*

Akina mama wa Nsagali hawapigi kelele. Wana desturi moja, nayo sikumbuki kuiona zaidi ya mara moja katika utoto wangu. Mtu akimnyang'anya mwanamke jiko lake, wapika chumvi wote hupeleka chungu kimoja mlangoni pa mnyang'anyi, wakakipindua, mdomo chini. Baada ya hapo hakuna mtu yeyote wa bonde atakayempa mtu huyo chumvi, wala kutia chumvi katika chakula atakachokula, yeye na wote wanaokula naye meza moja. Hawamtukani, hawamgusi, na wakikutana naye wanamsalimia vizuri tu. Adhabu hiyo haina mwisho mpaka mnyang'anyi mwenyewe akiinue kile chungu kwa mikono yake na kukirudisha jikoni kwa mwenyewe, kwa miguu, mchana watu wakiona.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, kilikutwa chungu kimepinduliwa mbele ya nyumba ya mapumziko ya Waziri, aliyekuwa amekuja kusimamia maandalizi ya sherehe. Kilikuwa chungu kizuri, cheusi kwa masizi ya miaka. Waziri akatoka na taulo shingoni, akakizunguka mara mbili.

"Lubango! Hiki ni nini?"

"Ni chungu kilichopinduliwa, Mheshimiwa."

"Kimewekwa na nani?"

"Na akina mama wa bondeni, Mheshimiwa."

Hapo ndipo alipotakiwa kuniuliza kwa nini. Hakuuliza. Mwongozaji wa Daraja la Pili haruhusiwi kutoa maelezo ambayo hayakuombwa, imo katika kanuni, ukurasa wa nne. Nikajitia hamnazo, nikaishika kanuni yangu kwa mikono miwili.

"Sanaa ya asili!" Waziri akasema, macho yakimng'aa. "Unaona, Lubango? Hawa watu wameanza kuelewa. Wananikaribisha." Akapigwa picha amekiegemea. Kisha akaagiza vyungu arobaini vingine vya namna hiyohiyo vipinduliwe: vitano mbele ya ofisi ya Wizara, kumi langoni pa hoteli, na vilivyobaki vizungushwe kwenye ukumbi wa sherehe. Karani alikwenda bondeni na barua rasmi yenye muhuri, akiwaomba akina mama wafanye hivyo haraka.

Wakafanya haraka. Sijapata kuona agizo la serikali likitekelezwa kwa moyo namna ile.

Kuanzia siku hiyo Waziri alikula chakula kisicho na chumvi. Aliona kama homa. Daktari wake akaja kwa helikopta, akamtazama ulimi, akasema ni uchovu wa uongozi. Makatibu nao wakaupata uchovu huo, na Mkaguzi, na meneja wa hoteli, ambaye ni mgeni kwetu na aliamini mwanzoni kwamba ndiyo mapishi ya msimu. Kila aliyeomba chumvi alijibiwa "Ndiyo, mkuu," na tabasamu kama Waraka ulivyotaka, kisha mhudumu akaenda na asirudi.

*

Sherehe ya Mgeni wa Milioni ilianza saa sita mchana. Wageni walikuwa mia tatu. Waziri alihutubia dakika hamsini, mimi nikitafsiri.

"Uchumi wetu ni ukarimu wetu!" alisema. "Hapa hatuli kabla mgeni hajala. Na mgeni akishakula, hatuli pia!"

Supu ikaletwa. Wageni wakaonja, wakatazamana, wakaonja tena. Ikafuata nyama, nayo vivyo hivyo. Meneja akakimbilia jikoni, na mimi nikaitwa nyuma yake kutafsiri.

"Chumvi iko wapi?" akafoka.

"Iko stoo, bosi," Bundala akasema, akiwa amesimama wima na kofia yake ndefu. "Na ufunguo ni huu hapa."

"Basi itie!"

"Mikono ndiyo haipo, bosi." Na wapishi wote kumi na wanane wakaweka mikono nyuma.

Meneja akafungua stoo mwenyewe, akabeba mfuko mzima wa pakiti zile za mlima wa barafu, akaumimina katika sufuria la supu. Hakuwa amewahi kupika hata yai. Supu ya pili ilipofika mezani, mgeni wa kwanza kuionja alisimama kama aliyeitwa jina, akatoka nje. Tukarudi kwenye ile ya kwanza.

Ndipo bibi mmoja wa kigeni, mwenye kofia pana, akanyanyua mkono. Yeye ndiye alikuwa Mgeni wa Milioni mwenyewe, na shada la maua lilikuwa shingoni. Akasema maneno machache kwa lugha yao. Waziri akanigeukia.

"Amesemaje?"

"Anasema, Mheshimiwa, asubuhi nzima amewatazama wanawake wakipika chumvi. Anauliza: iko wapi?"

Waziri akacheka kile kicheko chake cha mikutano, akaamuru iletwe mara moja chumvi ya asili ya Nsagali, mbichi, kutoka bondeni. Mjumbe akaenda mbio, akarudi na jibu la akina mama: wamekwisha kumwaga yote, kama Waraka Namba Nane unavyoelekeza, na leo, kwa heshima ya sherehe, wamemwaga mapema.

"Basi apike Mpika Chumvi wa Taifa!"

Wote tukashuka bondeni, Waziri mbele, wageni nyuma na kamera zao. Binti wa watu akainama mbele ya Jiko Namba Saba. Aliinama vizuri, sitamnyima haki yake. Akapunga mkono juu ya chungu, akafuta jasho ambalo halikuwepo, akatabasamu kulia na kushoto. Baada ya robo saa Waziri akamwuliza kwa nini moto hauwaki. Akanong'ona kwamba chuoni walikuwa wanafundishia chungu kitupu.

Nyamizi alikuwa amekaa pembeni juu ya jiwe, kanga yake nyingine miguuni, akingoja kukabidhi.

"Mama," Waziri akasema, sasa kwa sauti ya kubembeleza, "tusaidie. Pika kidogo tu. Taifa linaaibika."

"Taifa lipi, baba? Hilo mnaloguna jina lake?"

"Nitakupa cheti. Nitakupa nishani!"

"Mlangoni kwako kuna chungu. Kibebe kwa mikono yako, ukirudishe hapa jikoni kwangu, kwa miguu. Basi."

"Chungu kile cha sanaa?"

Akanitazama. Safari hii aliniuliza kwa nini, nami nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa kuwa sasa nilikuwa nimeombwa. Nilimkumbusha pia kwamba kwa barua yake mwenyewe, yenye muhuri, vyungu vyake sasa ni arobaini na kimoja. Uso wa Waziri ulibadilika rangi mara kadhaa.

"Waziri wa nchi," akasema hatimaye, "habebi chungu."

"Haya," Nyamizi akasema. "Kaa nacho."

Akainuka. Nilidhani anaondoka. Badala yake alimsogeza yule binti wa mjini taratibu kwa bega, akamwambia, "Pole mwanangu, si kosa lako," akachuchumaa, akauwasha moto wake. Kuona hivyo, akina mama wengine nao wakawasha. Kwa saa tatu bonde zima lilifuka moshi. Mkaguzi alisoma kifungu cha hukumu kwa sauti, akarudia, akarudia tena mpaka sauti ikamkauka, wakamzunguka tu kila alipoziba njia ya kuni. Wageni walifurahi sana. Waziri akaanza kufurahi naye, akidhani mambo yamenyooka.

Ikafika saa kumi na moja. Chumvi ilikuwa imejaa vyungu. Hakuna aliyekwenda kisimani. Kila mwanamke akaikomba ya kwake, akaifunga kwenye kanga, akajitwisha. Nyamizi akatangulia, nao wakamfuata mstari mmoja kuelekea geti la bonde, njia ya mnadani.

Mimi nilikuwa nimesimama na kipaza sauti changu cha Wizara. Mwanamke wa mwisho, mzee, alikuwa na mafurushi mawili na kichwa kimoja. Nikakiweka kile kipaza sauti chini kwenye udongo, nikalibeba lile furushi la pili. Lilikuwa bado la moto. Nikamfuata.

Getini alikuwepo mlinzi Machibya, mwenye bunduki na kitabu cha kuandikia wanaotoka. Wizara, kwa kutaka walinzi wenyeji, ilikuwa imeajiri wakwe wa bonde. Machibya amemwoa binti wa Nyamizi, na kwetu mwanamume hamkabili mama mkwe wake njiani. Hupisha, akageuka pembeni, mpaka apite.

"Machibya!" Waziri alipiga kelele kutoka nyuma. "Zuia hao watu! Wanaiba mandhari!"

Machibya alipomwona aliyetangulia, alifungua geti, akatoka njiani, akageukia migomba na bunduki yake.

"Mama," akasema akiwa amewapa mgongo, "nina kitabu hapa. Niandike nini?"

"Andika majina yetu," Nyamizi akamjibu bila kusimama. "Anza na langu. Andika nimetoka na chumvi yangu."

"Nitaandika, mama."

Wageni walikuwa wametupita mbio kwa pembeni ili watupate kwa mbele. Walijaza njia yote nje ya geti, kamera juu, wakipiga makofi. Bibi mwenye kofia pana alisimama katikati kabisa, akanitambua, akaniuliza kwa shauku onyesho hili linaitwaje, maana halimo kwenye ratiba.

Miaka tisa nimewajibu wageni kwa tabasamu. Nikalitafuta tabasamu langu, sikuliona.

"Hili si onyesho," nikamwambia kwa lugha yake, kisha nikarudia kwa lugha yangu, kwa sauti, ili na walio nyuma wasikie. "Hawa wanakwenda sokoni. Shusheni hizo kamera, mtupishe njia."

Wakatupisha.